Kiti cha Nyuma

Hapa Ikolo, wilayani Kyela, mtu akikukuta unafuta vumbi pikipiki yako hakuulizi unakwenda wapi. Anakuuliza unapitia wapi. Maneno hayo mawili yanafanana kwa asiyejua. Mimi tofauti yake imeshanigharimu shokapu mbili, usingizi wa miezi mitano na heshima yangu yote kwenye kijiwe cha bodaboda cha Ipinda. "Unakwenda wapi" ni salamu. Ukijibu "nipo nipo tu" mambo yamekwisha. "Unapitia wapi" ni hukumu. Kiti chako cha nyuma kimeshapata mwenyewe, kilichobaki ni kupanga njia.

Pikipiki yenyewe ni mtoto wa kokoa. Mwaka 2024 bei ya kokoa ilipanda duniani mpaka ikapita dola 10,000 kwa tani, kwa kuwa mavuno ya Ghana na Ivory Coast yalikuwa mabaya. Sikufanya lolote la kustahili neema hiyo. Miti aliipanda marehemu baba. Mimi nilikuwa nashika chaki shule ya msingi, na miaka thelathini nzima niliipita miti ile kama mtu anavyompita mjomba mlevi. Lakini mnada haumuulizi mtu alimpenda nani. Wenzangu wakapaua nyumba, mmoja akaongeza mke. Mimi nilikuwa nimeshastaafu, nikanunua pikipiki ya cc 125, nyekundu, na kofia ngumu moja. Moja, tafadhali. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama sitaki ya pili, nikamjibu kwa sauti ya darasani kwamba nimesema moja.

Nilikuwa nimesoma habari za Mwingereza Ted Simon. Bwana huyo aliondoka London mwaka 1973 juu ya Triumph, akaizunguka dunia peke yake kwa miaka minne. Miaka minne, na hakuna aliyemwomba ampelekee shangazi yake debe la mahindi! Mimi sikuitaka dunia. Nilitaka Jumamosi zangu tu: leo Ipinda na Matema, wiki nyingine Kyela mjini na Kasumulu, siku nikipata koti zito nipande Tukuyu. Polepole, giya ya tatu, nisimame ninapotaka, ninywe chai mahali ambapo hakuna niliyemfundisha, nirudi jua likizama. Vijana wanaita kupiga misele. Wanafunzi wangu wote wamepiga misele nikiwa nasahihisha madaftari yao.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Kiswahili chenyewe.

"Unakwenda wapi?" mama watoto aliniuliza Jumamosi ya kwanza, ungo mkononi, anapeta mchele.

"Kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

Nikakwama. Kwetu mtu hatembei hivihivi. Anatembea kwa mtu, akakaribishwa, akapikiwa, akaaga mara tatu. Na kama hatembei kwa mtu, basi anatembea na mtu, na hilo ni la kupelekwa kwa wazee wa kanisa. Nikajaribu kumweleza kwamba naenda kutembea kwa maana ya kutembea, peke yangu, naangalia nchi. Ungo ukasimama. Akaniangalia mimi, akaiangalia pikipiki, akakiangalia kile kiti cha nyuma, kirefu, kinang'aa, hakina mtu.

"Nchi uliyozaliwa humu hujaiona?"

Kisha, kwa kuwa ni mwanamke mwenye huruma, akanitafutia sababu: mkungu wa ndizi wa kumpelekea dada yake Ipinda. Nilipotoka uani nilikuwa na mkungu nyuma, ujumbe wa mdomo kuhusu mchango wa harusi, na kilo tatu za mchele zinaning'inia kwenye usukani. Mchele wa Kyela halisi, maana huu unaouzwa Dar es Salaam kwa jina hilo, kama wote ungekuwa umelimwa hapa, sisi tungekuwa tunalala juu ya miembe kuyapisha majaruba.

Hiyo ndiyo safari ya mtu mmoja, na bado sijafika barabarani.

Barabarani palikuwa na bibi amekaa juu ya gogo. Hakupunga mkono. Wazee wa huku hawapungi mkono, wanasimama tu, polepole, wakishika kiuno. Na ukishamwona mtu wa umri wa mama yako anasimama kwa ajili yako, breki zinajikamata zenyewe.

"Mugonile," nikamsalimu.

Tukasalimiana. Salamu za Kinyakyusa huwa haziishi mpaka umeulizwa hali ya ng'ombe ambaye huna. Zilipokwisha akasema lile neno ambalo sasa nalisikia ndotoni: "Mwanangu, nisogeze hapo mbele."

Hapo mbele ni kipimo cha kwetu na hakina kilomita. Kwa mtoto wa shule ni darajani. Kwa mlevi ni popote penye kivuli. Kwa bibi huyu, niligundua baadaye, ilikuwa Matema, mwisho kabisa wa lami, ambako ukitoka hapo kuna ziwa na mlima na hakuna tena mbele yoyote.

"Bibi, sina kofia ya abiria," nikamwambia, nikiwa na furaha ya mtu aliyejiandaa tangu dukani. Sheria inataka abiria naye avae kofia ngumu, na mimi ni mtu wa sheria.

Akakaza kilemba. "Kichwa changu mimi kigumu tangu utoto. Hata walimu walisema."

Mkungu tukauhamishia mbele, juu ya tangi, nikawa naendesha nimekumbatia ndizi. Kuku sikumjua mpaka tulipoondoka. Alikuwa ndani ya kitenge, kati ya tumbo la bibi na mgongo wangu, na kila kona alikuwa na la kusema.

Ipinda nilishusha ndizi, mchele na ujumbe wa harusi, nikasimama karibu na kijiwe ili bibi anyooshe miguu. Vijana wanne wakaja. Kwa adabu, siwezi kuwasingizia.

"Shikamoo mzee. Wewe ni wa kijiwe gani?"

Nikawaeleza kuwa mimi si bodaboda, ni mstaafu, natalii. Wakamwangalia bibi. Wakamwangalia kuku. Nikaona maelezo yangu hayana mashiko, nikaongeza la kuwatuliza: "Isitoshe, sichukui hela."

Kimya kikashuka.

"Hapo ndipo ulipotuumiza, mwalimu," akasema mmoja. "Anayebeba kwa buku tunaweza kushindana naye, tukashusha mpaka jero. Anayebeba bure tutamshinda kwa kitu gani?"

Kijana huyo nilimfundisha hesabu darasa la tano. Siku zote niliamini hesabu hazikumwingia.

Tukamalizana kwa elfu mbili, ya mfuko wa misiba wa kijiwe. Nikaandikwa kwenye daftari. Sasa mimi ni mwanachama. Akifa mtu nazika, na akiumwa mtu napigiwa simu nimpeleke zahanati kwa zamu yangu.

Barabara ya kwenda Matema siku hizi ni lami, kilomita 39 hivi kutokea Kikusya kupitia Ipinda, na watu wote wanaisifu. Mimi nina neno nayo. Wakati wa mashimo mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuomba lifti; alijua atafika na meno pungufu. Lami imeondoa aibu hiyo. Sasa mtu anakaa kitako kwenye pikipiki yako kama yuko sebuleni kwake, anakuelekeza hata mwendo. "Mwanangu, polepole, kuku anaogopa." Nikapunguza. "Mwanangu, tutachelewa." Nikaongeza. Migomba ikapita, mashamba ya kokoa yakapita, michikichi ikapita, milima ya Livingstone ikaanza kusogea kama ukuta. Yote hayo nilikuja kuyaangalia, na nilichokiona mimi ni kioo cha pembeni, ndani yake kilemba.

Matema bibi akashuka, akafungua fundo la kanga, akanipa mia tano. Nikakataa. Akaniuliza kama naiona ndogo. Nikaipokea. "Ndaga fijo," nikamshukuru, na saa hiyo hiyo nikajua nimekwenda kinyume na nilichowaambia vijana wa kijiwe. Habari iliwafikia Ipinda kabla yangu.

Nikaenda ufukweni. Hapa, nikajiambia, hapa ndipo nitakapokuwa peke yangu. Matema hata mlalamishi kama mimi hana cha kulalamikia: mlima umeshuka wima mpaka majini, maji meupe kama glasi, mitumbwi michache, upepo. Nikaketi mchangani, nikavua viatu, nikaliangalia ziwa.

Dakika kumi hazikupita. Kwanza wakaja watoto watatu, wakakaa pembeni kuniangalia ninavyoangalia. Kisha mama mmoja mwenye beseni akaniuliza kama nimemeza kitu. Kisha akaletwa mzee wa makamo aliyevaa koti kwenye joto lile, akaketi karibu yangu bila haraka, akavunja kijiti mara mbili.

"Ndugu yangu," akasema, "hakuna deni lisilolipika."

Nilikasirika wakati ule, ila sasa namwelewa. Ziwa Nyasa kina chake kinafika kama mita 700. Mwanaume mtu mzima akiacha viatu ufukweni na kukodolea macho maji ya kina hicho, Jumamosi, bila ndoana wala wavu, jirani mwema hawezi kupita tu. Nikamwapia kwamba sidaiwi. Hakuniamini. Akaniombea, nami nikaitikia amina, kisha akauliza naelekea wapi nikitoka hapo, maana yeye anakwenda hapo mbele.

Nilimpeleka Lyulilo. Ni karibu, na mtu aliyekuombea humwachi atembee.

Jumamosi ni siku ya soko pale Lyulilo. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe hushusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi, vya kila ukubwa, vimepangwa kwenye majani mpaka huoni pa kukanyaga. Nilikuwa nimesimama navitazama, sina nia mbaya, simu ikalia. Shemeji, wa Ipinda, yule wa ndizi. Amesikia niko huko. Kwa kuwa nitarudi nikipita kwake, na kwa kuwa kiti kiko wazi, basi chungu kimoja tu, cha kupikia maharage, si kikubwa.

Kilikuwa kikubwa. Muuzaji alikifunga kwa majani makavu ya mgomba na kamba za mpira, akanionya: ukikimbia, utafika na vigae. Basi nikaondoka Lyulilo kwa giya ya pili. Baiskeli zilinipita. Mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani alinipita, akageuka kunipa pole. Na katika mwendo ule, wasomaji wangu, nikaona kila kitu. Nikaona anga juu ya Livingstone linavyogeuka rangi. Nikaona kokoa imeanikwa uani kwa watu, nikasikia harufu yake, chachu kidogo, kama togwa iliyolala. Nikaona mtoto anamfundisha mbwa kuruka mfereji, na mbwa hataki. Watu walipunga mikono, wakaona chungu, wakashusha mikono. Chungu hakikuniuliza nimezaa watoto wangapi na wako wapi. Ndiyo saa pekee ya utalii niliyopata tangu ninunue pikipiki, na nimeipata nikiwa nimetumwa.

Kilifika kizima. Shemeji akakigonga kwa ukucha, akatega sikio, akasema kina ufa.

Baada ya hapo nikabadili mbinu. Wazungu wanaotoka kwao kwa pikipiki kwenda Cape Town hupita huku, mpaka wa Kasumulu, na nimewachunguza vizuri: wamefunga masanduku ya bati kila upande na jingine juu ya kiti cha nyuma. Nani atawaomba lifti? Atakaa wapi? Nikaenda kwa seremala, akanitengenezea sanduku la mbao, zuri, lenye mfuniko, tukalifunga kwenye kiti. Halikuwa na kitu ndani. Kazi yake ilikuwa kuwepo.

Jumamosi hiyo nikaelekea Kyela mjini. Kweli hakuna aliyeniomba lifti. Kila mtu aliniuliza nauza nini.

"Vifaranga?"

"Sina."

"Vitumbua?"

"Sina."

"Sasa sanduku la nini, mzee?" Mtu mwenye sanduku ambaye hauzi kitu anatia mashaka kuliko mwizi. Sokoni mama mmoja aliomba kulifungua ajionee mwenyewe, akalikuta tupu, akanihurumia, akalijaza usipa, dagaa wa ziwani. Ana mteja Kasumulu, naye kaambiwa ninapita huko. Nani kamwambia? Kijiwe. Daftari lile lina jina langu, na vijiwe vinapigiana simu.

Kasumulu nilimkuta Mzungu mmoja amesimama kwenye kivuli na pikipiki yake kubwa kama ndama, anangoja kuvuka daraja la Songwe kuingia Malawi. Akaja kunisalimia, akarudi nyuma hatua mbili kwa sababu ya usipa. Akaniuliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikamjibu, hapa. Nakwenda wapi? Hapa. Akacheka, akanipiga picha. Nilikuwa namwonea wivu mpaka nikasikia mama mwenye mizigo miwili akimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mzungu, unapitia wapi? Karonga?"

Yule bwana akatabasamu, akampungia mkono, akawasha pikipiki, akaondoka. Hakuelewa hata neno. Hapo ndipo nilipoijua siri ya hawa wanaozunguka dunia peke yao. Si masanduku. Hawajui Kiswahili.

Wala si wote waliokuwa peke yao. Che Guevara, anayetajwa kila mtu anapozungumzia safari za pikipiki, aliianza safari yake ya Amerika Kusini mwaka 1952 juu ya pikipiki ya rafiki yake Alberto Granado, na pikipiki hiyo ikafia Chile. Zamani nikisoma habari hiyo nilimsikitikia Guevara. Siku hizi namsikitikia Granado. Mwenye chombo alikuwa yeye. Yule mwingine, kwa lugha ya Ikolo, alisogezwa hapo mbele.

Sanduku lilikufa njia ya Tukuyu. Ile njia si ya mchezo: unaondoka ziwani, mita kama 475 kutoka usawa wa bahari, jasho linakutiririka, unapanda mpaka unapita mita 1,500, na Mlima Rungwe uko mbele yako umejifunika blanketi. Nilikuwa nimevaa mashati mawili na sweta la mama watoto, la zambarau, sitaki maswali. Kabla hata kilima hakijaanza, kijana wa chuo akanisimamisha. Nikamwonyesha sanduku kwa kidole, bila neno, kama hakimu anavyoonyesha mlango.

Akalitazama. Akalipapasa kamba.

"Hamna shida mwalimu," akasema. "Hili nitalipakata."

Akalipakata mpaka Tukuyu. Nilimkuta amelala juu yake.

Sasa nimeliondoa, mama watoto anafugia sungura. Kofia ya pili nimeshanunua. Muuzaji hakusema kitu, alinitolea tu kama mtu aliyekuwa ameniwekea. Jumamosi hii napanda tena Tukuyu, polepole, giya ya tatu. Nafasi ya nyuma imeshachukuliwa na yule bibi wa kuku, ana mjukuu wake anaumwa meno huko. Mwenye mzigo mdogo aulete Ijumaa jioni, ufungwe vizuri. Vyungu nabeba. Kuku sibebi.